Mkono wa Fundi Kazi: Uhakiki wa Msikiti wa Kizimkazi kwa Jicho la Mtu wa Igoma

Sekondari tulifundishwa kuhakiki kwa mizani miwili, fani na maudhui. Ukipewa riwaya, unatafuta dhamira, unawapanga wahusika wakuu na wadogo, unaeleza mandhari, unataja tamathali za semi, halafu unamalizia na kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Mizani ni mizuri, siikatai. Lakini tangu nimalize kidato cha nne nimekuwa nikijiuliza: kwa nini tunaipimia vitabu tu? Mbona nyumba nayo ina mtunzi, ina muundo, ina ujumbe, na mara nyingine ina maandishi kabisa ukutani? Leo nataka nihakiki nyumba. Nyumba yenyewe ni msikiti wa kijiji cha Kizimkazi Dimbani, kusini mwa kisiwa cha Unguja.

Ndugu msomaji, usishangae kwamba mkristo wa Igoma, Mwanza, anaandika juu ya msikiti wa pwani. Nilikaa Unguja miezi kadhaa nikiwa saidia fundi katika ujenzi wa hoteli, kama wanavyofanya vijana wengi wa bara. Nilibeba zege, nikasukuma toroli. Nikasikia kwamba jirani kuna nyumba ya ibada yenye maandishi ya mwaka 1107, nikaona haiwezekani niondoke bila kuiona. Niliomba ruhusa nje ya saa za sala, nikavua viatu, nikaingia.

Nianze na mandhari. Kwa nje, bwana, utapita bila kugeuka. Ni jengo la chini, kuta nyeupe, paa la bati, kijiji chenyewe ni cha wavuvi, na siku hizi watalii wengi hufika kutafuta pomboo baharini. Hakuna mnara wa kukupigia kelele. Mtu aliyezoea kupima ukubwa wa nyumba ya Mungu kwa urefu wa mnara atasema "ah, ndio huu?" Kumbe utamu wote umewekwa ndani, kwenye ukuta wa kibla, ambao huko Unguja huelekea karibu kaskazini moja kwa moja kwa sababu Maka iko huko. Hapo pana mihrabu, na pembeni mwa mihrabu pana maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe kwa mwandiko wa Kiarabu uitwao Kufi.

Nathubutu kusema kwamba huu ni muundo wa mtunzi anayejiamini. Kuna waandishi wanaomaliza fataki zote ukurasa wa kwanza, ukifika wa kumi wameishiwa. Huyu amefanya kinyume: ukurasa wa kwanza ni mtupu, na neno lenyewe amelificha mahali ambapo ni lazima uingie, uvue viatu, na ugeuke upande ule ule wanaogeukia wenye kusali.

Sasa fani. Sisi watu wa Mwanza tunajua mawe. Mji wetu umekaa juu ya majabali ya matale, na Igoma na vitongoji vyake vina watu wanaoishi kwa kupasua kokoto, nyundo mkononi, kitambaa kichwani. Jiwe letu ni gumu tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, hulichongi, unalivunja tu. Jiwe la pwani lina tabia nyingine. Tumbawe likitolewa baharini lingali bichi huwa laini, unaweza kulichonga mfano wa mtu anayechonga mbao. Likikaa hewani likakauka, linakuwa gumu. Kwa hiyo fundi ana muda maalumu wa kusema anachotaka kusema, baada ya hapo jiwe linafunga mdomo. Na takataka za matumbawe nazo hazitupwi. Zinachomwa juu ya rundo la magogo, zinatoa chokaa, na chokaa ndiyo inayoshika mawe mengine. Bahari ile ile inatoa jiwe, inatoa na gundi.

Huwezi kuzungumzia fani ya majengo ya pwani ukaacha boriti. Majumba ya kale ya mawe yaliezekwa kwa boriti za mikoko zilizopangwa kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake mawe na chokaa. Mkoko haurefuki upendavyo, tena ukizidi urefu fulani hauwezi kubeba uzito ule. Ndiyo maana vyumba vya majumba hayo ni vyembamba, kwa kawaida kama mita tatu au pungufu. Anayetaka ukumbi mpana ni lazima asimamishe nguzo katikati, au ajifunze kujenga kuba, kama walivyofanya mafundi wa Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Jamani, hiyo si sawa na bahari ya shairi? Mshairi anapewa mizani kumi na sita, humo humo ajipange. Fundi amepewa urefu wa mkoko.

Na mwandiko wenyewe? Herufi za Kufi za Kizimkazi hazikuandikwa kavu kavu. Zimepinda, zimefungana mafundo, zimepitiana juu na chini. Mimi Kiarabu sikijui, lakini nimewaona wanawake wa Unguja wakisuka ukili wa mikeka, na macho yangu yalikimbilia huko mara moja. Aliyechonga jiwe lile alilisuka.

Tuje kwenye maudhui. Pamoja na maneno ya Kurani, maandishi yanataja aliyeamuru msikiti ujengwe, Sheikh as-Sayyid Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad, na mwaka, 500 wa Hijra, ndio 1107 wa Masihi. Ni miongoni mwa maandishi ya zamani zaidi yenye tarehe katika Afrika Mashariki nzima. Ila jengo unaloliona leo si lote la mwaka huo. Katika karne ya 18 lilijengwa upya kwa sehemu kubwa, na maandishi ya kale yakahifadhiwa ndani ya jengo jipya. Wapo wanaodhani jambo hili linaupunguzia msikiti thamani. La hasha! Kwangu ndilo linaloupa uzito. Maana yake, watu wa kijiji walipoona nyumba yao imechoka hawakuihama, wala hawakuigeuza pango la popo. Waliijenga tena, na walipofika kwenye lile jiwe wakasema hili linabaki. Huo ni uhariri. Aliyejua kipi cha kubadili na kipi cha kuacha alikuwa na jicho la mhariri kuliko wengi wetu tunaojiita waandishi.

Lakini tazama nani ametajwa na nani hakutajwa. Sheikh aliyeamuru yupo. Mwaka upo. Fundi hayupo.

Hapa ndipo hadithi ya kijiji inapoingia. Inasimuliwa kwamba zamani palikuwa na mfalme aitwaye Kizi na fundi wake aitwaye Kazi. Kazi alimjengea mfalme jumba zuri kupita yote. Lilipokwisha, mfalme akaamuru fundi akatwe mkono, asije akamjengea mtu mwingine jumba kama lile. Baadaye maadui wakaja kwa njia ya bahari, Kizi akamwomba Mungu, likatokea jeshi la nyuki likawafukuza. Maadui wakarudi tena, safari hii nyuki hawakuja, mfalme akakimbilia pangoni na mwamba ukamfunika.

Kama historia, hadithi hii haisimami. Ni wazi kwamba jina la kijiji lilikuwepo kwanza, kisha watu wakalikata vipande wakapata mtu huku na mtu kule. Tena hadithi ya fundi kuadhibiwa kwa uzuri wa kazi yake inatembea dunia nzima. Huko Agra, India, husimuliwa kwamba Shah Jahan aliwakata mikono mafundi wa Taj Mahal. Huko Moscow husimuliwa kwamba Ivan aliwapofusha waliojenga kanisa la Mtakatifu Basili. Wanahistoria hawana ushahidi wa hata moja kati ya hizo. Sasa kwa nini watu wa mbali vile, wasiojuana, wamebuni jambo lile lile? Kwa maoni yangu, kwa sababu wote waliona kuta zenye jina la mwenye mali zisizo na jina la mwenye mkono, wakahisi kuna kitu kimekatwa hapa. Hadithi ikasema kwa njia yake kile ambacho maandishi yalinyamazia.

Hata hivyo, kama mhakiki, nina ugomvi na hadithi ya Kizi na Kazi. Baada ya kukatwa mkono, Kazi anapotea kabisa! Mfalme anapata nyuki, anapata pango, anapata mwamba unaofunguka na kujifunga. Fundi hapati hata sentensi moja. Hatujui alikula nini kesho yake, nani alimfunga jeraha, na kama aliwahi kupita tena mbele ya lile jumba. Mwalimu wetu angemwita mhusika bapa. Mimi nasema amekatwa mara mbili, mkono na ulimi.

Kuna maelezo mengine yanayosimuliwa kwa wageni nayo lazima niyatie kwenye mizani. Wanaambiwa msikiti huu ni wa Washirazi, yaani wageni kutoka Uajemi walifika na ustaarabu wao kamili kwenye majahazi, wakaushusha ufukweni kama mtu anavyoshusha mzigo wa magunia. Ni kweli mwandiko wa Kizimkazi unafanana na ule wa Siraf, mji wa biashara uliokuwa pwani ya Uajemi. Ni kweli pia kwamba utafiti wa vinasaba vya watu waliozikwa katika miji ya kale ya pwani, uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature, uligundua damu ya baba wa Kiajemi na mama wa Kiafrika, zilizochanganyika tangu yapata mwaka 1000. Kwa hiyo anayesema Uajemi ni uongo mtupu naye amekosea. Lakini mwanaakiolojia Mark Horton alipochimba Shanga, kisiwani Pate, alikuta misikiti iliyopandana mmoja juu ya mwingine. Ile ya chini kabisa, ya karne ya 8, ilikuwa ya miti na udongo, ndipo baadaye ikaja ya mawe. Watu walianza na mti na udongo, mtoto juu ya baba, mjukuu juu ya mtoto, hadi jiwe. Hivyo havikushushwa na jahazi. Mwandiko unaweza kusafiri. Kujua lini tumbawe ni laini hakusafiri, unakujua ukiwa umekulia hapo.

Ili nisionekane nausifia msikiti kwa sababu tu ni wa Afrika Mashariki, tuulinganishe na nyumba nyingine ya zama zile. Katika jimbo la Burgundy huko Ufaransa, kwenye vilima vya mizabibu, kuna kijiji kiitwacho Vézelay, wakazi wake hawafiki mia tano. Juu ya kilima lipo kanisa la Mtakatifu Maria Magdalena. Mwaka 1120, miaka 13 tu baada ya maandishi ya Kizimkazi, moto ulilitia hasara kubwa, na ukumbi wake ukajengwa upya kwa matao ya mviringo ya mawe ya rangi mbili yanayopokezana. Mafundi walilielekeza kwa ustadi hivi kwamba katika siku ndefu kuliko zote za mwezi Juni, jua la saa sita mchana huingia madirishani na kuangusha madoa ya mwanga yaliyojipanga katikati ya sakafu kutoka mlangoni hadi kwenye madhabahu. Kwa fani, nakiri, wametushinda kwa ukubwa na kwa hesabu ya mwanga. Anayesema vingine anajipendelea.

Kwa maudhui ni jambo jingine. Juu ya mlango mkubwa wa Vézelay wamechongwa watu wa mataifa ya mbali waliokuwa wakingoja kuhubiriwa. Wapo wenye vichwa vya mbwa. Wapo wenye masikio makubwa kama ungo. Wapo wafupi mno hata wanapanda farasi kwa ngazi. Hivyo ndivyo mafundi wa kijiji cha mvinyo walivyoambiwa kwamba watu wa mbali wako. Miaka ile ile, huku mbali kwenyewe, kijiji cha wavuvi kilikuwa na jiwe lenye tarehe. Sisemi hivi kwa kulipiza, kwani hata sisi tumewachora wengine tusiowajua. Nasema tu kwamba uzuri wa fani haumpi mtunzi ukweli wa maudhui. Hilo tuliambiwa darasani, na mlango wa Vézelay unalithibitisha.

Si mbali na Vézelay, kwenye kanisa kuu la Autun, chini ya miguu ya Kristo juu ya mlango, pamechongwa kwa Kilatini kwamba Gislebertus alifanya hii. Ilikuwa yapata mwaka 1130. Wataalamu hubishana hadi leo kama huyo ndiye mchongaji au ni bwana aliyetoa fedha. Hebu fikiria, jina moja tu la fundi, na bado watu hawaamini kwamba fundi anaweza kuandikwa!

Sasa nirudi nyumbani, maana uhakiki usiorudi nyumbani ni utalii. Huku kwetu tuna utanzu mmoja wa maandishi ambao haujawahi kuhakikiwa: jiwe la msingi. Zunguka shule, zahanati, ofisi za kata, makanisa, misikiti. Utakuta bamba la marumaru, "limewekwa na Mheshimiwa fulani, tarehe fulani." Muundo wake ni ule ule wa mwaka 1107, aliyeamuru na tarehe. Tofauti ni kwamba sheikh wa Kizimkazi angalau alipata mchongaji aliyesuka herufi kama ukili. Sisi tunapeleka stationari, tunachapiwa kwa herufi za barua ya kikao.

Baba yangu mdogo ni fundi mwashi. Miaka kadhaa iliyopita alijenga kigango kimoja huku kwetu, yeye na vijana wanne, kuanzia msingi hadi lenta, mara nyingine kwa mkopo wa chakula cha mama ntilie. Siku ya kuzindua, bamba lilifunuliwa likiwa na majina matatu, na hakuna hata mmoja kati ya hao aliyewahi kushika mwiko. Fundi alikaa nyuma kabisa, karibu na masufuria ya pilau. Malipo yake ya mwisho yalimaliziwa mwaka uliofuata. Nilimwuliza kama hakuona uchungu. Akacheka, akasema, "Kwani tofali huandikwa jina? Nenda kaangalie pembe." Nikaenda na timazi yake. Nikaishusha pembe zote nne. Uzi ulisimama sambamba na ukuta kutoka juu hadi chini, huwezi kupitisha hata karatasi.

Nampenda baba mdogo, lakini jibu lake silikubali lote. Pembe inasema kwamba aliyejenga alijua kazi. Haisemi alikuwa nani, wala kwamba alidaiwa karo ya watoto wakati anajenga. Pembe ikianguka, naye ameanguka nayo. Hapa Igoma tunalijua hilo kuliko wengi. Mv. Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, wengi wa waliokufa walizikwa hapa kwetu, na upo mnara wa kumbukumbu. Tunajua jiwe linaweza kumkumbuka mtu wa kawaida, aliyekuwa anasafirisha ndizi tu. Basi liwezalo kuwakumbuka abiria haliwezi kushindwa na fundi.

Na sisi tunaoshika kalamu tumo pia. Kanisa la Vézelay lilifikia hatua ya kuanguka, lilivyochakaa baada ya mapinduzi ya Ufaransa. Aliyelipigia kelele mwaka 1834 alikuwa Prosper Mérimée, mkaguzi wa majengo ya kale, ambaye ndiye huyo huyo mtunzi wa hadithi ya Carmen. Kazi ya kuliokoa ikapewa mwaka 1840 kijana wa miaka 26, Eugène Viollet-le-Duc. Mtunzi wa hadithi na kijana wa umri wetu! Huku ziwani tunaye Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyemaliza kuandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Ndani yake amewaeleza watu wa kawaida hatua kwa hatua jinsi wanavyofanya kazi zao. Huyo hakumwachia mfalme peke yake ukuta.

Kufaulu kwa msikiti wa Kizimkazi, basi, ni kwamba umebaki wa kijiji, unasaliwa, na umelinda jiwe lake kwa zaidi ya miaka 900 bila kujifanya jumba la makumbusho. Kutofaulu kwake ni kule kunyamaza juu ya mkono, na kosa hilo tumelirithi bila hata kurithi urembo wa herufi.

Mimi riwaya ninayoiandika inaanzia pale hadithi ya kijiji ilipoacha, usiku ule Kazi aliporudi nyumbani na mkono mmoja, mkewe akafungua mlango. Sijui itachukua muda gani. Wakati huo, nawaomba wasomaji wa Igoma, Kishiri, Nyakato, Buhongwa na Kisesa: ulizeni nani alijenga shule mliyosoma na nyumba mnayosalia, andikeni jina lake, la msaidizi wake na la aliyewapikia, mlete hapa kwenye gazeti letu. Kama mhariri ataridhia, tuyachape kila toleo. Karatasi haidumu kama tumbawe, lakini ndiyo tuliyo nayo, na ingali laini.